Mashine ya Kukatia Nyasi Isikwame Matopeni

Mvua ya masika inapoanza Kisumu mwezi wa Machi, nyasi hukua upesi kiasi kwamba mtunzaji wa uwanja hushawishika kuingiza mashine siku yoyote isiyo na mvua, hata kama ardhi bado imejaa maji. Mimi hutunza viwanja vya shule upande wa Ahero, ambako udongo ni mfinyanzi mweusi unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kuvimba ukinyonya maji. Mashine ninayoiendesha ni ile ya kuketi, na rai yangu ni kwamba kukwama huamuliwa kabla ya injini kuwashwa.

Wengi hudhani mashine hukwama kwa kukosa nguvu, lakini nguvu si tatizo. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na katika mashine nyingi za aina hii difu, yaani gia inayogawa nguvu kwa magurudumu hayo mawili, ni ya kawaida, kwa hiyo tairi moja likianza kuteleza huzunguka bure huku lenzake likisimama tuli. Ukizidi kukanyaga mafuta hapo, unachimba shimo tu. Matairi yenyewe yana meno mafupi ili yasichane nyasi, na meno hayo yakijaa tope hubaki laini kama kipande cha sabuni.

Kabla ya kuanza, nenda kwenye bonde la uwanja, wala si langoni ambako huwa pakavu, ukanyage kwa kisigino kwa uzito wako wote. Maji yakichomoza pembeni mwa kisigino, irudishe mashine stoo, hata mwalimu mkuu akinung'unika. Saa nayo ina maana yake: kwetu karibu na ziwa mvua kubwa mara nyingi hushuka alasiri au usiku, nayo asubuhi ina umande, hivyo mimi hupendelea kukata kuanzia saa nne hadi saa saba. Wenzetu wa Kakamega hupata mvua nyingi kutuzidi, ila udongo wao mwekundu hupitisha maji vizuri zaidi kuliko huu mweusi wetu.

Jambo linalopuuzwa mno ni upepo wa matairi. Matairi mengi ya mashine hizi huhitaji takriban psi 10 hadi 14 (psi ni kipimo cha presha ya upepo), ingawa kitabu cha mashine yako ndicho cha kufuatwa, lakini vijana wa kuziba pancha huyajaza kama ya bodaboda. Tairi lililojaa kupita kiasi hugusa ardhi kwa ukanda mwembamba, likazama. Kuhusu minyororo ya kufunga kwenye matairi, siipendi, kwa sababu huacha uwanja ukiwa umelimwa.

Ukiwa kazini, inua visu ili ukate theluthi moja tu ya urefu wa nyasi, kwani nyasi mbichi ndefu hugandamana chini ya kifuniko cha visu na kuielemea mashine. Geuza kwa mduara mpana, kwenye sehemu iliyoinuka, na usisimame bondeni hata kama simu inaita. Kila wiki badilisha mwelekeo wa mistari ili magurudumu yasichonge njia ambayo baadaye itakuwa mtaro. Mteremko ukiwa na maji uache kabisa, kwa kuwa hapo hatari si kukwama tena bali kupinduka.

Ikikwama licha ya hayo yote, zima visu, kisha injini, ushuke. Ondoa tope mbele ya magurudumu ya nyuma, utandike magunia au vipande vya mbao, ujaribu kutoka polepole. Ikibidi kuivuta, funga kamba kwenye chesi, yaani fremu ya mashine, kamwe si kwenye ekseli ya mbele wala kifuniko cha visu. Mashine isiyo na gia za kubadilisha, ile inayoendeshwa kwa msukumo wa oili, ina kishikio kidogo, mara nyingi upande wa nyuma, cha kuyaachia magurudumu. Kikumbuke kwanza, maana kuikokota bila kukifungua huweza kuharibu pampu, na pampu hiyo ni ghali mno.