Basibasi na kungumanga ni kitu kimoja?

Hapana dada, ila wametoka tumbo moja. Tunda la mkungumanga likipasuka, unaona kokwa jeusi linalong'aa, limevikwa wavu mwekundu. Ule wavu ndio basibasi. Ukikauka hugeuka rangi ya machungwa. Kungumanga yenyewe imo ndani ya lile kokwa. Harufu zinakaribiana, lakini basibasi ni laini zaidi, wala haiachi madoa ya kahawia kwenye mchuzi mweupe. Mimi kwa kilo ya nyama ya biriani natia kipande kimoja tu, kama ukucha wa kidole gumba, nakitoa kabla ya kupakua. Hata kwenye chai ya maziwa, tamu! Ukizidisha inakuwa chungu. Nunua nzima, ya unga huisha harufu upesi.