Noti 12 na moshi wa Montreux

Ndugu mhariri,

Wiki hii mmeuliza ni wimbo gani tuliodhani mwepesi hadi tulipojaribu kuupiga wenyewe. Wangu ni “Smoke on the Water” (Moshi juu ya Maji) wa Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza. Karibu kila anayeshika gitaa la umeme kwa mara ya kwanza huanza na zile noti 12 za mwanzo. Nami nilianza nazo, nikazipiga vibaya miaka mingi bila kujua.

Kosa lilikuwa mkono wa kulia. Nilizigonga kwa piki, kile kibao kidogo cha kupigia nyuzi, kwa nguvu zote. Ritchie Blackmore, mpiga gitaa aliyeurekodi wimbo huo, hafanyi hivyo. Yeye hushika uzi wa tatu na wa nne kwa kidole gumba na cha shahada, akazivuta zote mbili kwa mpigo mmoja. Piki hugusa uzi mmoja kabla ya mwingine, na sikio husikia mkwaruzo. Vidole huzitoa noti mbili kama sauti moja, nzito na safi. Anza nyuzi zikiwa wazi, nenda freti (kile kigawanyo cha shingo ya gitaa) ya 3, kisha ya 5, na kila mara zizime kabla ya kuendelea. Kule kuzizima ndiko kulikonipa taabu kuliko noti zenyewe.

Kuimba nako nilikosea, na hapo kilichoniokoa ni kisa chenyewe. Desemba 1971 bendi ilikwenda Montreux, Uswisi, kurekodi albamu ndani ya kasino ya mji, kwa kutumia studio ya kwenye lori waliyoikodi kwa Rolling Stones. Tarehe 4, mwanamuziki Mmarekani Frank Zappa akiwa jukwaani humo, mtu mmoja alifyatua fataki ya ishara, dari ikashika moto. Claude Nobs, mwanzilishi wa tamasha la jazi la mji huo, alisaidia kuwatoa vijana nje, na hakuna aliyekufa. Kasino iliteketea. Wanabendi wa Deep Purple waliutazama moshi ukitanda juu ya Ziwa Geneva, na siku chache baadaye Roger Glover, mpiga besi, aliamka na jina la wimbo mdomoni.

Muziki wenyewe walikuwa wameurekodi katika ukumbi mwingine, polisi wakigonga mlango kwa sababu ya kelele, wasaidizi wa bendi wakiuzuia usifunguliwe mpaka wamalize. Maneno yalikuja baadaye, walipokwisha kuhamia kwenye hoteli iliyofungwa kwa msimu wa baridi.

Kwa hiyo Ian Gillan, mwimbaji wao, haimbi mapenzi wala vita. Anaeleza walikwenda wapi, kufanya nini, na nini kiliungua. Hata Nobs yumo kwenye beti. Zamani nilikuwa nakaza koo tangu mstari wa kwanza. Siku hizi beti naziimba kwa sauti ya mtu anayesimulia alichokiona jana, na nguvu naiweka kwenye kiitikio, pale moshi unapotokea.

Jambo la mwisho tulilorekebisha katika bendi yetu ni kuingia kwa vyombo. Mpiga besi wetu alikuwa na haraka. Sasa anasubiri: gitaa peke yake kwanza, kisha matoazi na kinanda chenye sauti ya kukwaruza, kisha dramu zote. Ndipo besi. Ikiingia, naisikia kwenye nyayo kabla haijafika masikioni.