Kabla hujabishana na mwanao kuhusu gauni la promu, muulize nani anaendesha gari

Juzi mama mmoja anayeishi Texas aliniandikia. Binti yake yuko darasa la 12, promu inakaribia, na nyumbani hakukaliki. Baba amekataa, binti kanuna, mama yuko katikati, na bei ya gauni imemtoa jasho. "Dada, wewe umesoma hukuhuku. Ulienda? Wazazi wako walikubali vipi?"

Nilienda. Ilikuwa 2011, hapa Columbus, Ohio. Nitasimulia yote, maana najua wengi mnaonisoma mna watoto wanaokaribia umri huo. Na wengine ndio watoto wenyewe, mnanisoma kimyakimya. Nawaona.

Nilitoka Tanga nikiwa na miaka kumi na minne. Mambo ya baridi na Kiingereza cha kutokea puani nimeshayaandika, nayaruka. Kwa msioijua promu: ni dansi rasmi ya shule kwa wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho, kwa kawaida Aprili au Mei. Gauni refu, suti ya kukodi, ua la kufunga mkononi kwa msichana na la kubandika kotini kwa mvulana. Wanaombana kwa mabango, maputo, hata kwa boksi la pitsa lililoandikwa swali ndani. Mimi hakuniomba mtu. Nayasema haya wazi kwa sababu kuna binti anasoma hapa akidhani ni yeye peke yake.

Mama yangu kusikia dansi, neno lililomtoka ni "disko?" Aliyekulia kwetu anajua maana ya disko la shule kichwani mwa mzazi: taa zimezimwa, mwalimu wa zamu hayupo, na Jumatatu kuna mtu anaitwa ofisini na mzazi wake. Nilimweleza kila namna akakataa, mpaka nikamwambia, "Mama, ni kama send-off, ila hakuna bwana harusi." Akatulia. Send-off aliijua vizuri, Tanga alikuwa hakosi kwenye kamati, tena mweka hazina. Ghafla binti yake hakuwa anakwenda disko, alikuwa na shughuli. Na shughuli ina taratibu zake.

Kikaitishwa kikao. Sitanii. Jumapili sebuleni kwetu alikuwepo shangazi, wakawepo akina mama wa Kitanzania wanaofanya kazi na mama kwenye nyumba ya kulelea wazee, akawepo na mama mmoja Mkongo, mwenyeji wa Bukavu, msusi hodari. Daftari la michango likafunguliwa. Mmoja akauliza sare ya akina mama ni rangi gani. Ikabidi nimweleze kwamba wao hawaendi. "Hatuendi? Sasa nani anakupeleka wewe?" Wakacheka, mazungumzo yakahamia kwenye vitafunio.

Baba naye alikuwa na ajenda moja tu, mpasuo. Shangazi, ambaye ni fundi, alinishonea gauni la kijani lenye mpasuo unaoanzia juu kidogo ya goti. Baba aliutaka chini ya goti. Wakabishana wiki nzima hadi shangazi akakubali kuushona, ila akaushona kwa uzi ule wa kushikiza tu. Baba mpaka leo anaamini alishinda.

Huku nyuma mimi na wasichana niliokuwa nao darasani tulikuwa tumechanga kukodi limuzini. Fungu langu nililipa kwa hela ya kulea watoto wa jirani. Siku chache kabla ya promu nikaambiwa nafasi zimejaa, maana mmoja wao kapata mvulana wa kwenda naye. "Tutakutana ukumbini," wakasema, kama vile wananipa habari ya hali ya hewa. Hela haikurudi. Sasa ni watu wazima, wana nyumba na watoto, na nikiona picha zao nawatakia heri. Lakini hela yangu wanayo.

Kijana mmoja wa darasani akasema atanibeba yeye. Leseni yake ilikuwa bado changa na gari tayari lilikuwa na watu wa kujaza viti vyote. Nikakubali haraka, nani angetaka kufika peke yake? Nyumbani hakuna aliyeuliza. Mpasuo ulijadiliwa, kope za bandia zikajadiliwa, viatu vikajadiliwa. Ni yule mama wa Bukavu, vidole vyake viko katikati ya rasta zangu, aliyeniuliza, "Na gari, nani anaendesha?" Nilipomjibu aliacha kusuka. Hakupiga kelele. Alimwita mama, akamrudishia swali lilelile.

Basi nilipelekwa promu kwa teksi. Jirani yetu alikuwa Msomali aliyekulia Mombasa, Kiswahili chake kizuri kuliko cha wengi wetu, na teksi ndiyo ilikuwa kazi yake. Akaiosha, akavaa koti, akakataa malipo. Msafara ukaanzia Topiary Park, pale katikati ya mji, ambako vichaka vimekatwa kwa maumbo ya watu kuiga mchoro maarufu wa Seurat, mchoraji wa Kifaransa. Mama akauliza hawa watu wa majani ni akina nani. Shangazi akamjibu, "Wageni waalikwa." Picha ya siku ile ninayoipenda ni hiyo, akina mama wanne wamenizunguka na vitenge vyao, nyuma yetu wageni waalikwa.

Ukumbini nilishuka kwenye teksi mbele ya foleni ya limuzini. Walionicheka niliwasikia. Chakula kilikuwa cha kawaida, mfalme na malkia wa promu wakatangazwa, sikuwa mimi. Ila muziki ulipokolea tukaunda duara, nikaingia kati nikacheza kidogo cha kwetu (si baikoko, msinifikirie vibaya), na wale wa limuzini wakawa wanarekodi kwa simu. Niliringa, na bado naringa. Saa tano usiku, kama tulivyokubaliana, teksi ilikuwa mlangoni.

Sasa wazazi. Kumkataza mtoto moja kwa moja ni kumfundisha kuaga kwamba anakwenda kulala kwa rafiki. Mruhusu, halafu uulize mambo yenye uzito. Nani anaendesha? Ana leseni tangu lini? Anabeba wangapi? Majimbo mengi huwawekea madereva wachanga mipaka ya saa za usiku na idadi ya abiria, kwa hiyo jifunze sheria ya jimbo lako kabla ya kujifunza bei ya gauni. Kunywa pombe chini ya miaka 21 ni kosa, na mtoto wetu akikamatwa pamoja na wenzake hatachukuliwa kama wao, hilo mnalijua. Uliza kama shule ina sherehe ya baada ya promu. Shule nyingi wazazi huiandaa wenyewe, ndani, usiku kucha, ili watoto wasiishie kwenye nyumba za watu. Wasimamizi huhitajika. Jitolee.

Na msiniambie ni mambo ya Wazungu. Charleston, Mississippi, wanafunzi weupe na weusi walikuwa na promu mbili tofauti mpaka 2008. Mwigizaji Morgan Freeman, aliyeishi huko utotoni, alijitolea kulipia promu ya pamoja tangu 1997, wakamkatalia, ikabidi ajitolee tena. Wilcox County, Georgia, ni wanafunzi wenyewe waliochangisha fedha na kuandaa promu yao ya kwanza ya pamoja, 2013. Watoto weusi wamekipigania kiti hicho ndani ya umri wangu mimi, halafu wewe umwambie mwanao si mahali pake?

Mabinti, msisubiri kuombwa. Nunua tiketi yako mapema, kwa sababu bei hupanda siku zikikaribia, na kalipe kwanza deni la kitabu cha maktaba, shule nyingi hazikuuzii ukiwa unadaiwa. Ukienda na mtu wa nje ya shule kuna fomu ya kujaza. Na hela ya limuzini mpe mtu mzima aishike.

Mama wa Texas, kuhusu gauni: muulize mshauri wa wanafunzi shuleni, wengi wanajua wanakogawa magauni bure. Shirika la Becca's Closet, lililoanzia Florida, hufanya kazi hiyohiyo. Likikosekana, lile la kijani bado lipo kwa shangazi na limeshavaliwa na mabinti wengine wa hapa. Nitumie vipimo vya kifua, kiuno na urefu, nauli ya kulituma ni juu yangu. Mpasuo mtaelewana na baba yake.