Nywila ni sahihi lakini kompyuta inakataa: anayeumwa ni mtu au mashine?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Ofisi yetu ya uhasibu iko Gerezani, Kariakoo. Tuna kompyuta 14 za Windows na seva moja, kila mtu na akaunti yake. Umeme ulikatika Jumamosi, ukarudi Jumapili usiku. Jumatatu asubuhi watu wanne wakashindwa kuingia. Kompyuta mbili zinasema kuna tofauti ya saa na tarehe, ya tatu inasema domeni (kundi la kompyuta na akaunti zinazosimamiwa na seva) haipatikani, na dada mmoja anaambiwa akaunti yake imefungwa. Tumewabadilishia wote nywila, wapi! Tufanyeje?

Jibu: Poleni sana, ndugu yangu. Kwanza acheni kubadilisha nywila, maana mnazidi kuchanganya mambo. Mchukue kila aliyekwama, mkalishe kwenye kompyuta ya jirani ambayo haina shida. Akiingia, akaunti yake ni nzima na mgonjwa ni mashine. Akikataliwa na huko, shida iko kwenye akaunti. Kila nikiitwa ofisi yenye watumiaji wengi naanzia hapo, kabla sijagusa kitu kingine.

Zile mbili za saa ndizo zenye somo kubwa. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo ya duara, mara nyingi CR2032, inayoendesha saa wakati hakuna umeme. Ikiwa imechoka, mashine ikikosa umeme siku nzima huamka na tarehe ya miaka ya nyuma. Sasa, seva yenu huhakiki watu kwa utaratibu uitwao Kerberos, ambao kila ombi hugongwa muhuri wa saa, na kwa kawaida tofauti inayovumiliwa ni dakika 5 tu. Ukali huo ni ulinzi: bila hivyo mtu angenasa ombi la mwenzake likipita mtandaoni, akalituma tena baadaye na kukubaliwa.

Ingia kwa akaunti ya msimamizi ya kompyuta hiyo yenyewe (anza jina kwa .\ ili isiulize seva), weka tarehe na saa sahihi, kisha fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike w32tm /resync. Betri nunueni mpya leo leo, la sivyo umeme ukikatika tena mtarudi hapo hapo.

Kuna mtego mmoja umewapotezea muda mafundi wengi. Saa inaweza kusomeka sawasawa pale kwenye kona na bado ikawa imekosewa, kwa sababu Kerberos hulinganisha saa ya dunia, UTC. Kompyuta iliyoachwa kwenye kanda ya Pasifiki ya Marekani, kisha mtu akaisogeza saa kwa mkono hadi isome saa ya Dar, iko nje kwa saa 10 au 11. Kwenye orodha ya Windows hutaona Dar es Salaam. Chagua UTC+03:00 Nairobi.

Ya tatu naishuku DNS, yaani huduma inayoisaidia kompyuta kuipata seva kwa jina. Umeme ukirudi, ruta ya intaneti huwaka haraka kuliko seva, na kama nayo inagawa anwani za mtandao, kompyuta iliyowahi kuwashwa itapewa DNS ya ruta, ambayo haiijui domeni yenu. Andika ipconfig /all uone. DNS iwe anwani ya seva yenu peke yake, msiongeze 8.8.8.8 (DNS ya Google) kama ya pili, kwa kuwa Windows ikihamia huko domeni hupotea tena. Halafu zimeni ugawaji wa anwani kwenye ruta, hakikisheni seva ndiyo inayogawa.

Mkichomoa waya wa mtandao, mtu aliyewahi kuitumia mashine hiyo anaweza kuingia, kwani Windows hukumbuka watumiaji 10 wa mwisho. Ila ataingia kwa nywila ya zamani, si hii mliyombadilishia.

Nakusihi: asitokee fundi akaitoa kompyuta kwenye domeni ili "airudishe upya" kabla hamjajaribu nywila ya msimamizi wa mashine hiyo, kwani ikishatoka akaunti za domeni hazitaifungua tena. Nimeshuhudia ofisi moja ikifungiwa nje hivyo tarehe 19, ritani za VAT zikitakiwa kesho yake.

Huyo dada, fungua Event Viewer (daftari la matukio la Windows) kwenye seva, sehemu ya usalama, utafute tukio 4740. Litataja kifaa kinachotuma majaribio. Mara nyingi ni simu yake iliyohifadhi nywila ya zamani kwa ajili ya barua pepe au Wi-Fi, au kompyuta nyingine aliyoiacha wazi. Rekebisheni kifaa hicho kwanza, kisha ndipo umfungulie akaunti. Ukianza kufungua, itajifunga tena kabla hajamaliza chai.