Huyo lepadi geko wako hajaugua, ana stresi

Umeuliza kwa nini lepadi geko wako, huyo mjusi wa kufugwa mwenye madoa kama chui, siku ya 6 hali, usiku kucha anakwaruza kioo na ukitia mkono anapunga mkia. Pole, na tafadhali usimlazimishe kula. Wangu alinifanyia hayo hayo mwezi wa kwanza hapa Mwanakwerekwe, Unguja, nami nkadhani ni tumbo.

Kumbe ni pale nilipomweka. Tangi lake la kioo lilikuwa ukumbini ubavuni mwa tivi, watoto wakirudi chuoni kila mmoja anamtoa kwa zamu yake, halafu usiku mmoja nimeamka kunywa maji namkuta paka kajikunyata mbele ya kioo, na geko kule ndani kanyanyua mkia anaupunga kulia kushoto, polepole sana, mwili umekakamaa. Mkia ule ukipungwa vile ujue kabanwa, na akizidi kubanwa anaukata, na humo ndimo alimoweka mafuta yake ya akiba. Hata kukwaruza kioo, hawa hawana nyayo za kunata kama mjusi kafiri wa ukutani, anatafuta pa kutokea tu.

Nkamhamishia chumbani, nkaziba kioo pande 3 kwa boksi, nkamtilia maficho 3, la upande wa joto, la upande wa baridi, na jengine lenye tishu zilorowa, la kujibambulia ngozi. Sikumgusa wiki 2, maji na nyenje basi (nyenje asoliwa mtoe, usiku humng'ata). Usiku wa 9 nikiwa kitandani nkasikia nyenje anatafunwa, wallahi nilifurahi!

Kwetu tatizo jengine ni unyevu. Asili yao nchi kavu za mawe, Afghanistani, Pakistani mpaka India ya kaskazini magharibi, sasa masika yetu unayajua, kwa hivyo juu weka wavu, usifunike kwa plastiki. Akijibambua mtazame vidole, ngozi ilobaki hukaza kama uzi mpaka kidole kinakufa, mroweke miguu maji ya uvuguvugu kisha itoe taratibu kwa pamba. Sakafu upande wa joto iwe nyuzi 31 hadi 33, pima kwa kipimajoto si kwa mkono, na kaskazi ikipamba moto chini ya bati zima taa ya joto mchana.

Ila mkia ukianza kukonda, au anaharisha, usingoje, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Hebu tuambie tangi umeliweka wapi, na ndani mna maficho mangapi?