Upinde wa mjomba apewe nani, na mtoto afundishwe vipi

Ndugu mleta mada, pole sana kwa msiba. Nimekuelewa hivi: mjomba wako amefariki huko Kasenga, upinde na podo lake (mfuko wa mishale) vimeletwa hapa Lubumbashi, Katuba, nyumbani kwa mama yako. Watoto wa marehemu wanavitaka, ukoo wa mama unasema ni vyako wewe mpwa, na huku mwanao wa miaka kumi ameshaanza kuuvuta upote (kamba ya upinde) wakubwa wakiwa hawapo. Mimi ni mtoto wa pande mbili, baba Mluba, mama Mbemba, na upinde wa nkambo, yaani babu, mzaa mama niliushika mimi kabla haujaenda kwa mtoto wa dada yangu. Nitakuambia tulivyofanya kwetu.

Kwanza, podo hilo liondoe hapo lilipo leo hii, usingoje kikao cha familia. Wawindaji wa zamani wa kusini ya Katanga na ng'ambo ya Zambia walipaka mishale yao sumu ya mbegu za mmea uitwao strofanto, na sumu ile haifi upesi. John Kirk, yule daktari aliyefuatana na Livingstone kwenye safari ya Zambezi, aliitambua nguvu yake baada ya mswaki wake kugusana nayo mfukoni: alisikia uchungu mdomoni, na mapigo ya moyo yakapungua. Baadaye mbegu hizo hizo zilitolewa dawa ya moyo huko Ulaya. Tazama chini ya kigumba, ile ncha ya chuma, cha kila mshale. Ukiona utando mweusi mgumu, au gome lililofungwa kwa uzi kufunika shingo ya chuma, usiukwangue, usiuoshe kwenye beseni la nyumbani, wala usijaribu kama bado una nguvu. Funga ncha kwa kitambaa kizito, weka mishale ndani ya sanduku lenye kufuli, juu, mbali na watoto. Podo tupu linaweza kubaki ukutani. Mishale ya nkambo mpaka leo iko ndani ya sanduku, na hakuna mtoto wa kwetu aliyewahi kuishika.

Sasa suala la nani apewe. Kwa Wabemba jambo hili lina njia yake ya siku nyingi. Audrey Richards, Mwingereza aliyekaa nao upande wa Zambia miaka ya 1930, aliandika kwamba mwanamume akifa, mrithi wake hukabidhiwa upinde, na pamoja na upinde huchukua jina na nafasi ya marehemu katika ukoo. Mrithi huyo hutoka upande wa mama: ndugu wa tumbo moja, mtoto wa dada, au mjukuu kupitia dada. Hata mtoto mdogo anaweza kukabidhiwa, na tangu siku hiyo watu wazima humwita kwa heshima ya yule aliyekufa. Kwa hiyo wajomba zako hawakosei. Lakini watoto wa marehemu nao wana haki ya kuumia. Sheria ya familia ya Kongo ya 1987 inawaweka wao mbele katika mali ya baba yao, na nyumba na shamba visichanganywe na upinde kwenye mazungumzo haya. Nimeona familia ikigombania fimbo na upinde kwa sababu ya hasira za kiwanja. Malizeni kiwanja kwanza, siku nyingine, kwa karatasi.

Upande wa baba yangu upinde una uzito wa namna nyingine. Waluba husimulia kwamba Mbidi Kiluwe, baba yake Kalala Ilunga, shujaa wa mwanzo wa ufalme wao, alikuwa mwindaji aliyetoka mashariki, na ndiyo maana wafalme wao walikuwa na vishikio vya pinde vyenye matawi matatu, vimechongwa sura ya mwanamke. Havikuwekwa hadharani. Vilitunzwa ndani ya nyumba maalumu, na mlinzi wake alikuwa mwanamke. Ninalitaja hilo kwa sababu mama yako ndiye anayeutunza upinde huo sasa. Msimpite katika kikao kana kwamba yeye ni mwenye stoo tu.

Ushauri wangu, na huu ndio moyo wa jibu langu: upinde wa zamani upewe mmoja pamoja na jina, wala usipigwe tena. Kwa wengine wote, watoto wa marehemu na mwanao, tengenezeni pinde mpya kwa kipimo chake. Hapo ugomvi hupoa, kwa sababu kila nyumba inapata kitu kilichotoka kwa mzee, na hakuna anayehatarisha macho yake.

Usidhani ninatia chumvi. Mti uliokaa miaka bila kupindwa hukauka ndani, na kule kijijini upinde huo huenda ulikaa darini juu ya moto wa jikoni, moshi ukiukinga na fukusi. Huku mjini umewekwa chini ya mabati, joto la Oktoba linaukausha na mvua za Novemba zinaulowesha. Chukua pamba, ipitishe taratibu mgongoni mwa upinde, upande unaotazama mbele unapopiga. Pamba ikinasa, kuna nyuzi za mti zilizoinuka, na ndipo utakapokatikia. Kisha ugeuze tumboni, upande unaokutazama wewe unapopiga, uutazame dirishani kwenye mwanga wa pembeni. Mistari myembamba inayokatiza mti kwa upana ni alama kwamba ulishabonyea ndani. Wa nkambo una mistari mitatu ya namna hiyo karibu na mshiko, na ukiupapasa kwa ukucha unaisikia. Toa upote, upake mafuta kidogo ya nyonyo, uulaze juu ya vigingi viwili kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua. Kuuegemeza kwenye kona kunaupinda.

Kwa upinde mpya, mti wa mkole unafaa sana, ila karibu na mji uchomaji wa makala, yaani makaa ya miti, umemaliza pori na inabidi kumwagiza mtu anayetoka mbali. Ukatwe kiangazi, ncha zote mbili zipakwe nta au rangi ili zisipasuke, ukauke kivulini miezi kadhaa. Haraka haisaidii hapa. Ukishatoa gome, mgongo usiuguse kwa kisu kabisa, nyuzi zake zibaki nzima. Unapunguza tumboni tu, ukienda ukipungua kuelekea ncha. Pinda kidogo, tazama, kwangua pale panapogoma kupinda, pinda tena. Mkono mmoja ukipinda kuliko mwingine, acha ule uliolegea, fanyia kazi ule mgumu. Mwite mwanao akae hapo, ashike kipande cha chupa akwangue mwenyewe ukiwa umemsimamia. Binti wa dada yangu alijifunza kwa njia hiyo, na leo ndiye mwenye mkono uliotulia kuliko wote nyumbani.

Nguvu ya upinde ipime kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza nyama. Kwa mtoto wa miaka kumi, kilo 5 hadi 8 za kuvuta zinatosha. Akitetemeka anaposhikilia, ni mzito, punguza. Sheria ya nyumba iwe moja kabla ya nyingine zote: hakuna kuachia upote bila mshale. Nguvu ambayo ingeenda na mshale inarudi ndani ya mti na kuupasua. Apige kwenye gunia la makala lililoshindiliwa nguo kuukuu, nyuma yake ukuta mzima, wala asimpige ndege wala mbuzi wa jirani. Uwindaji una sheria yake tangu 1982, na ndani ya hifadhi za taifa za Upemba na Kundelungu ni marufuku kabisa. Mfundishe shabaha.

Siku ya kukabidhi, alikeni shangazi, wajomba na watoto wa marehemu wote. Mzee wa upande wa mama aeleze upinde ulitoka kwa nani ukaenda kwa nani, na mtu arekodi kwa simu, kwa sababu majina hayo hupotea kabla ya mti kuoza. Kwetu mjomba mkubwa alimpa mpwa upinde bila upote, akampa upote pembeni, mbele ya watu. Watoto wa nkambo walipokea mikuki na shoka lake siku hiyo hiyo, na hakuna aliyeondoka mikono mitupu. Na akija mtu wa kununua vitu vya kale na bahasha yake, mwambieni hauuzwi kabla hajataja bei.

Nitumie urefu wa upinde kutoka ncha hadi ncha, unene wake pale kwenye mshiko, na picha ya tumbo karibu na mshiko ikipigwa mwanga wa pembeni. Nikiona hivyo nitakuambia tuanzie mti wa unene gani kwa wa mwanao.