Dume wako haumwi, amepanda cheo

Ndugu, umesema ulimtoa dume mkubwa wa samaki aina ya burtoni kwenye tangi ili umtibu, na jioni yule mnyonge aliyefifia akawaka rangi na kuanza kuwafukuza wenzake, ukadhani naye anaumwa. Haumwi, ameona kiti kiko wazi. Samaki hawa wa Ziwa Tanganyika hubadilika ndani ya dakika chache: mstari mweusi hujitokeza machoni, kisha ubongo huamsha korodani zitoe testosteroni, homoni ya kiume, kwa wingi zaidi. Sehemu ya testosteroni hiyo hugeuzwa estrojeni humo humo ubongoni, nayo huchangia ukali. Naam, homoni tuliyozoea kuiita ya kike!

Usimrudishe mkubwa ghafla. Panga upya mawe kwanza, ongeza vyungu vya kujifichia, na majike wawe wengi kuliko madume.